Anne Hutchinson (1591–1643): Mwanamke Aliyehukumiwa na Serikali ya Kanisa

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Methali hii inawaafiki mno Wapuritani wa Uingereza wa karne ya 17. Watu hawa waliandamwa na maaskofu wa kanisa la taifa lao, wahubiri wao wakanyang'anywa mimbari, na baadhi yao wakatiwa gerezani. Wengi wao wakaamua kuvuka bahari ya Atlantiki ili wapate mahali pa kumwabudu Mungu jinsi dhamiri zao zilivyowaelekeza. Walipofika Marekani na kuushika usukani wa serikali, hata hivyo, waliwatenda wengine yale yale waliyotendewa. Miongoni mwa walioonja uchungu wa mkuki huo ni Anne Hutchinson, mkunga na mama wa watoto 15, aliyefikishwa mahakamani mwaka 1637 kwa sababu alikuwa amefundisha watu sebuleni mwake.

Makala haya yanasimulia maisha ya mwanamke huyu kwa muhtasari, huku yakizingatia swali moja kuu: je, mwananchi, hususan mwanamke, hubakiwa na kinga gani pale ambapo mamlaka ya kutawala na mamlaka ya kufasiri neno la Mungu yanashikwa na mikono ile ile? Tumemchagua Hutchinson kwa kuwa kesi yake ilikuwa kesi ya maneno. Hakuiba, hakuua, wala hakushika silaha. Alizungumza. Kwa mwanafunzi wa lugha na fasihi, maisha yake yana mafunzo ambayo hayatafutiki mbali.

Malezi na Ndoa

Anne Marbury alibatizwa mwezi Julai mwaka 1591 katika mji mdogo wa Alford, jimbo la Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza. Babake, Francis Marbury, alikuwa kasisi na mwalimu. Miaka kadhaa kabla ya Anne kuzaliwa, mwaka 1578, kasisi huyo alishtakiwa mbele ya wakuu wa kanisa kwa kuwalaumu maaskofu kwamba walikuwa wakiwapa upadri watu wasiokuwa na elimu ya kutosha. Alifungwa gerezani. Baadaye aliyaandika majibizano ya kesi yake kutokana na kumbukumbu zake, na katika maandishi hayo hakuwaficha wakuu wake kwa heshima asiyoiamini. Anne alilelewa katika nyumba hiyo. Wasichana wa enzi zake hawakupelekwa katika shule za juu wala vyuo vikuu, lakini yeye alisomeshwa na babake, akaijua Biblia barabara, na akajifunza mapema kuwa mtu anaweza kusimama mbele ya hakimu akajibu hoja kwa hoja. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na binti wa mbishi huyu hakuenda mbali na mzazi wake.

Familia ilihamia London mwaka 1605, na Marbury akafariki mwaka 1611. Mwaka uliofuata Anne aliolewa na William Hutchinson, mfanyabiashara wa nguo aliyetoka Alford, nao wakarudi kuishi huko huko. Walijaliwa watoto 14 wakiwa Uingereza, na mmoja zaidi walipohamia Marekani. Si wote walioishi. Mwaka 1630 Anne aliwazika mabinti wawili waliouawa na tauni.

Katika miaka hiyo Anne na mumewe walivutiwa na mahubiri ya John Cotton, mchungaji wa kanisa la Mtakatifu Botolph katika mji wa Boston, Lincolnshire. Cotton alifundisha kwamba wokovu ni zawadi ya Mungu ambayo binadamu hawezi kuinunua kwa matendo yake. Fundisho hili halikuwa geni kwa Wapuritani, ila Cotton alilisisitiza kuliko wengine. Mwaka 1633 Cotton alilazimika kutoroka nchi ili asikamatwe na wakuu wa kanisa, akaenda Marekani. Anne aliona kuwa amebaki bila mwalimu. Mwaka 1634 jamaa ya Hutchinson ilipanda merikebu iliyoitwa Griffin, na mwezi Septemba wakafika Boston mpya, makao makuu ya koloni la Massachusetts Bay.

Koloni na Utawala Wake

Ni vyema tueleze kwa ufupi jinsi koloni hilo lilivyotawaliwa, kwani bila ufahamu huo kesi ya Anne haieleweki. Hati ya mfalme iliyoruhusu koloni kuanzishwa ilitolewa mwaka 1629, na kundi kubwa la wahamiaji likafika mwaka 1630 likiongozwa na John Winthrop, mwanasheria aliyekuwa gavana kwa miaka mingi. Winthrop na wenzake waliamini kwamba wamefanya agano na Mungu. Iwapo jamii yote ingeishi kwa kufuata maandiko, Mungu angewabariki. Iwapo wangevumilia uasi miongoni mwao, ghadhabu yake ingewashukia wote, mwema na mwovu. Kwa fikra hii, kosa la imani halikuwa jambo la mtu binafsi. Lilikuwa hatari kwa umma, kama moto katika mtaa wa nyumba za makuti.

Wachungaji wenyewe hawakushika vyeo vya serikali. Hata hivyo, mwaka 1631 Baraza Kuu la koloni liliamua kuwa mwanamume hawezi kupewa haki ya kupiga kura ila awe mshirika wa kanisa. Ili awe mshirika, sharti kanisa limhoji na kukiri kuwa ni mteule wa Mungu. Hivyo basi, mlango wa siasa ulikuwa kanisani, na wachungaji walikuwa mabawabu wake. Baraza hilo hilo lilitunga sheria, liliamua kesi, na likaomba ushauri wa wachungaji pale lilipokwama. Isitoshe, hadi mwaka 1641 koloni halikuwa na mkusanyiko wa sheria ulioandikwa. Mahakimu waliamua kwa kufuata Biblia na busara yao wenyewe.

Wanawake waliweza kuwa washirika wa kanisa, na kwa hakika walikuwa wengi. Lakini hawakupiga kura kanisani wala serikalini, na hawakuruhusiwa kufundisha hadharani.

Anayedhani kwamba Anne ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandamwa atakuwa amekosea. Mnamo Oktoba 1635 mchungaji Roger Williams alihukumiwa kufukuzwa kwa kufundisha, pamoja na mengine, kwamba serikali haina mamlaka ya kuwaadhibu watu kwa makosa ya imani. Alitoroka wakati wa baridi kali, akaanzisha makao ya Providence upande wa kusini. Tutakutana naye tena.

Mikutano ya Sebuleni

Jamaa ya Hutchinson ilikuwa na uwezo. William aliendelea na biashara yake na akapewa nyadhifa za heshima. Nyumba yao ilikabiliana na nyumba ya Winthrop. Barabara tu ndiyo iliyowatenganisha. Anne alikuwa mkunga na mjuzi wa dawa za mitishamba, na kazi hiyo ilimwingiza katika nyumba nyingi. Mwanamke aliyekuwa katika uchungu wa kuzaa, ambaye huenda asingeiona asubuhi, alimuuliza Anne maswali ambayo asingethubutu kumwuliza mchungaji. Anne alimjibu.

Kutokana na mazungumzo hayo palizuka mikutano ya kila wiki nyumbani kwake. Mwanzoni walikuja wanawake wachache ili kuyarudia mahubiri ya Jumapili. Mikutano ya namna hiyo ilikuwa imezoeleka na haikumtisha mtu. Baadaye idadi iliongezeka hadi kufikia watu 60 au zaidi, na wanaume wakaanza kuhudhuria, wakiwemo wafanyabiashara wakubwa wa mji. Hata Henry Vane, kijana aliyechaguliwa kuwa gavana mwezi Mei 1636, alikuwa upande wake.

Kilichobadilika si idadi pekee. Anne aliacha kuyarudia mahubiri, akaanza kuyapima. Kwa maoni yake, wachungaji wengi wa koloni walikuwa wakihubiri agano la matendo, yaani waliwafanya waumini waamini kuwa mwenendo mwema ndio ushahidi wa wokovu. Aliwaona Cotton na shemeji yake, mchungaji John Wheelwright, kuwa ndio waliohubiri agano la neema. Kwa msomaji wa leo tofauti hii yaweza kuonekana ndogo. Kwa koloni hilo haikuwa ndogo hata kidogo. Ikiwa mtu anaweza kuijua neema ya Mungu moyoni mwake bila ya kupimwa kwa mwenendo, basi mchungaji anayempima hana kazi. Na ikiwa mchungaji hana kazi, basi ni nani atakayeamua yupi apige kura na yupi asipige? Sebule ya mkunga ilikuwa imeugusa msingi wa dola.

Mgogoro Waingia Katika Siasa

Mwezi Januari 1637 Wheelwright alitoa mahubiri makali siku ya mfungo. Mwezi Machi Baraza Kuu lilimtia hatiani kwa uchochezi. Zaidi ya wanaume 60 walitia sahihi waraka wa kumtetea. Uchaguzi wa mwezi Mei ukahamishwa kutoka Boston, ambako wafuasi wa Anne walikuwa wengi, ukafanyiwa Newtown, ng'ambo ya mto Charles. Winthrop alirudishiwa ugavana. Vane alishindwa, na mwezi Agosti akarejea Uingereza. Anne akapoteza kinga yake kuu.

Mwishoni mwa Agosti wachungaji walikutana Newtown katika sinodi, wakaorodhesha mafundisho 82 waliyoyahesabu kuwa ya upotofu. Aidha, walikubaliana kwamba wanawake wachache wanaweza kukutana ili kuomba na kujengana kiimani, lakini mkutano wa watu 60 au zaidi unaoongozwa na mwanamke mmoja anayefafanua mafundisho ni utovu wa utaratibu. Hapa twaona jinsi sheria ilivyokatwa kwa kipimo cha mtu mmoja. Hakuna mwanamke mwingine katika koloni aliyekuwa na mkutano wa namna hiyo.

Kesi ya Novemba 1637

Tarehe 7 Novemba 1637 Anne alisimamishwa mbele ya Baraza Kuu huko Newtown. Alikuwa na umri wa miaka 46. Hakuwa na wakili, wala hapakuwa na baraza la wazee wa mahakama kama ilivyokuwa desturi ya Waingereza. Winthrop alikuwa gavana, mwendesha mashtaka, na hakimu kwa wakati mmoja. Anne alisimama kwa muda mrefu hadi alipoonekana kuishiwa nguvu ndipo akaruhusiwa kuketi.

Shtaka la kwanza lilikuwa kwamba aliwaunga mkono waliotia sahihi waraka wa kumtetea Wheelwright. Yeye mwenyewe hakuwa ametia sahihi. Hata angetaka, mwanamke hakuwa na nafasi katika waraka wa wapiga kura. Winthrop alidai kuwa kwa kuwaunga mkono alikuwa ameivunja amri ya tano, inayowataka watu wawaheshimu baba na mama, kwani watawala ndio wazazi wa jamii. Anne alimbana kwa maswali: je, mtu asimheshimu mcha Mungu kwa sababu tu mzazi wake hamtaki? Winthrop aliposhindwa kuendelea na hoja hiyo, aliikata kwa kueleza kuwa mahakama haikuwa na nia ya kujadiliana na watu wa jinsia yake. Jambo hili linastahili kutiliwa maanani. Walikuwa wamemwita ajibu, na alipojibu wakakumbuka kuwa ni mwanamke.

Shtaka la pili lilihusu mikutano. Anne aliuliza sheria aliyoivunja. Alieleza kwamba Waraka wa Paulo kwa Tito unawaagiza wanawake wazee wawafundishe wanawake vijana, kisha akataka aonyeshwe kanuni ya kumfukuza mwanamke anayebisha mlangoni pake akitaka mafundisho. Alitaja pia Prisila ambaye, pamoja na mumewe Akila, alimfundisha Apolo njia ya Mungu. Mahakimu walijibu kwa maandiko mengine. Katika serikali ambayo Biblia ndiyo katiba, kila upande ulikuwa na aya yake, lakini ni upande mmoja tu uliokuwa na askari.

Shtaka la tatu ndilo lililokuwa zito: kwamba aliwatukana wachungaji kwa kusema hawakuwa wahudumu wa agano la neema. Ushahidi ulikuwa mazungumzo ya faragha yaliyofanyika mwaka 1636 nyumbani kwa Cotton, ambako wachungaji wenyewe walimwomba Anne aseme wazi yaliyo moyoni mwake. Siku ya pili ya kesi Anne alidai kwamba wachungaji hao watoe ushahidi kwa kiapo. Dai hili liliwatia katika mashaka makubwa. Kuapa kwa jina la Mungu juu ya maneno yaliyosemwa mwaka mmoja uliopita, na kumbukumbu za mashahidi hazilingani, kulikuwa jambo la kutisha kwa watu waliouogopa uongo wa kiapo. Cotton alipoitwa, alisema hakumbuki kuwa Anne alitamka maneno yale jinsi yalivyodaiwa. Kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba kesi ingeporomoka.

Hapo ndipo Anne mwenyewe alipofungua mlango uliokuwa umefungwa. Bila ya kuulizwa, alianza kusimulia safari yake ya kiroho, na jinsi Mungu alivyomfunulia ni wahubiri gani wa kweli. Alipoulizwa alijuaje kuwa ni Mungu, alijibu kwamba alijua kama Ibrahimu alivyojua alipoagizwa kumtoa mwanawe: kwa sauti ya Roho katika nafsi yake. Akaongeza kuwa atakombolewa kama Danieli alivyokombolewa katika tundu la simba, na kwamba wanaomtesa wataleta laana juu yao na juu ya vizazi vyao.

Mahakimu walipata walichokitafuta. Kudai ufunuo wa moja kwa moja, nje ya maandiko, lilikuwa kosa lisilohitaji shahidi. William Coddington, mmoja wa waliokuwa kikaoni, alijaribu kusema kwamba haoni sheria yoyote ya Mungu wala ya nchi iliyovunjwa, na kwamba mtu hawezi kuwa mshtaki na hakimu kwa pamoja. Hakusikizwa. Kura zilipohesabiwa, ni wawili tu waliopinga na mmoja aliyejizuia. Anne alihukumiwa kufukuzwa kutoka katika koloni kwa kuwa hafai kukaa na jamii yao. Alipotaka kujua sababu ya kufukuzwa kwake, Winthrop alimjibu kwamba mahakama inajua sababu na imeridhika.

Kanisa Lamtenga

Kwa kuwa majira ya baridi yalikuwa yamewadia, Anne alizuiliwa katika nyumba moja huko Roxbury, mbali na watoto wake. Wachungaji walimtembelea mara kwa mara, wakiyaandika majibu yake ili wayatumie dhidi yake baadaye. Wakati huo huo wanaume 75, 58 kati yao wakiwa wa Boston, waliamriwa kusalimisha silaha zao.

Mwezi Machi 1638 aliletwa mbele ya kanisa la Boston. Alikuwa amedhoofika. Safari hii Cotton, mwalimu aliyevuka bahari kumfuata, alisimama upande wa washtaki. Aliwaonya wanawake wa kanisa wasiyapokee mafundisho yake kwa kuwa naye ni mwanamke tu. Anne aliyakana baadhi ya maoni yake, lakini wazee wakaona kuwa toba yake si ya kweli. Mchungaji Hugh Peter alilieleza kosa lake kwa namna iliyofichua mengi: kwamba amependa kuwa mume badala ya mke, mhubiri badala ya msikilizaji, na hakimu badala ya raia. Katika orodha hiyo hamna hata neno moja kuhusu neema au matendo. Kosa lilikuwa kuivuka mipaka ya jinsia yake.

Tarehe 22 Machi mchungaji John Wilson alitangaza kuwa Anne ametengwa na kanisa, akamwamuru atoke nje kama mwenye ukoma. Alipokuwa akielekea mlangoni, mwanamke mmoja kijana, Mary Dyer, aliinuka, akamshika mkono, wakatoka pamoja.

Uhamishoni na Kifo

Mume wake na wenzake walikuwa wametangulia kutafuta makao. Kwa msaada wa Roger Williams waliafikiana na viongozi wa Wanarragansett, wenyeji wa eneo hilo, wakapata kisiwa cha Aquidneck, ambacho leo ni sehemu ya jimbo la Rhode Island. Huko walianzisha mji wa Portsmouth. Anne alitembea na wanawe katika theluji kwa siku kadhaa kuelekea huko. Muda mfupi baadaye mimba yake iliharibika. Winthrop na Cotton walitangaza kuwa hiyo ilikuwa ishara ya hukumu ya Mungu. Walikuwa wamekwisha kumfanyia vivyo hivyo Mary Dyer. Mtoto wake aliyezaliwa mfu alifukuliwa kaburini ili maumbile yake yatumiwe kama hoja ya kidini. Hivyo ndivyo mwili wa mwanamke ulivyogeuzwa ukurasa wa propaganda.

William Hutchinson alifariki mapema katika miaka ya 1640. Kwa kuwa Massachusetts ilitishia kulitwaa eneo hilo, Anne aliamua kwenda mbali zaidi. Mwaka 1642 alihamia koloni la Waholanzi, mahali ambapo sasa ni sehemu ya mtaa wa Bronx jijini New York. Hakujua kuwa alikuwa akiingia katika moto usiokuwa wake. Gavana wa Waholanzi, Willem Kieft, alikuwa ameanzisha vita vya kikatili dhidi ya wenyeji, na wenyeji walikuwa wakilipiza kisasi. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Mwezi Agosti 1643 wapiganaji wa Wasiwanoy waliivamia nyumba yake, wakamwua pamoja na wanawe sita na watu wengine wa nyumba hiyo. Binti mmoja mdogo, Susanna, alichukuliwa mateka, na baada ya miaka kadhaa akarejeshwa kwa jamaa zake. Habari zilipofika Boston, wapo wachungaji walioshukuru.

Yaliyofuata

Mary Dyer alijiunga na dhehebu la Waquaker katika miaka ya 1650, akarudi Boston mara kadhaa kuipinga sheria iliyowapiga marufuku. Alinyongwa tarehe 1 Juni 1660. Mwaka 1663 Rhode Island ilipewa hati ya kifalme iliyohakikisha kuwa hakuna mtu atakayeadhibiwa kwa tofauti za imani mradi asivuruge amani. Kanuni ya kutokuwa na dini ya taifa iliingizwa katika Katiba ya Marekani mwaka 1791, ingawa Massachusetts yenyewe haikuacha kuyafadhili makanisa kwa kodi hadi mwaka 1833. Wanawake wa Marekani walisubiri hadi mwaka 1920 ndipo haki yao ya kupiga kura ikaingizwa katika Katiba. Miaka miwili baadaye sanamu ya Anne ilitolewa kwa jimbo la Massachusetts, na mwaka 1987 Gavana Michael Dukakis alimsamehe rasmi, miaka 350 baada ya hukumu.

Mji wa Newtown alikohukumiwa ulibadilishwa jina mwaka 1638 ukaitwa Cambridge. Ndipo kilipojengwa chuo cha Harvard, kilichoidhinishwa na Baraza hilo hilo mwaka 1636 na ambacho mojawapo ya shabaha zake ilikuwa kuandaa wachungaji wenye elimu.

Tathmini na Hitimisho

Tuwe waangalifu tunapomsifu Anne Hutchinson. Hakupigania kura ya wanawake, na hatuna ushahidi kwamba alitaka kila imani ivumiliwe. Alikuwa na hakika ya ukweli wake kama Winthrop alivyokuwa na hakika ya wake, na laana aliyoitamka mahakamani haikuwa lugha ya mtu anayetetea uvumilivu. Laiti yeye ndiye angeshika dola, hatujui angewatenda vipi wapinzani wake. Jambo hili halimpunguzii chochote. Linatuonyesha kwamba haki ya kusema haipaswi kutegemea wema wa anayesema wala usahihi wa fundisho lake.

Pia tukumbuke kwamba Anne hakutuachia maandishi yake mwenyewe. Mengi ya tunayoyajua yanatokana na shajara ya Winthrop, kijitabu kilichochapishwa mwaka 1644 ili kumshutumu, na kumbukumbu za mahakama zilizochapishwa mwaka 1767 na mmoja wa wazao wake, Thomas Hutchinson. Maadui zake ndio waliotuhifadhia sauti yake. Waliandika majibu yake wakiamini kwamba yangemwaibisha, na leo tunayasoma na kuona ni nani aliyeaibika. Mwanafunzi wa fasihi anapaswa kujifunza kusoma matini za namna hii kinyume na nia ya mwandishi wake, kwani ndivyo zilivyo nyaraka nyingi zinazowahusu wanawake wa kale, hata hapa kwetu.

Turudi basi kwenye swali letu. Pale ambapo anayetawala ndiye anayefasiri neno la Mungu, kila upinzani hugeuka dhambi, na kila dhambi hugeuka jinai. Mshtakiwa hana mahali pa kukatia rufaa, kwa maana hata Mungu amekwisha kuorodheshwa miongoni mwa mashahidi wa upande wa mashtaka. Mwanamke huumia maradufu, kwa kuwa hakuwepo maandiko yalipofasiriwa wala sheria zilipopitishwa. Ibara ya 8 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, inayotamka kuwa taifa halitakuwa na dini yake rasmi, ni fupi kiasi kwamba msomaji anaweza kuipita bila ya kuiona. Waliofukuzwa katika theluji na walionyongwa Boston wangeisoma polepole. Ibara hiyo haipingi dini. Inamlinda muumini ili imani yake isije ikapimwa na gavana, na inamlinda mkunga anayefungua mlango wake kila wiki, akaketi na majirani zake, wakazungumza.